Hoi An: Lala Siku Nne, Fundi Apate Tatu

Kila aliyewahi kupeleka kitambaa kwa fundi wiki moja kabla ya Idi anajua "njoo kesho" ina maana ngapi. Hoi An, mji mdogo wa kando ya mto Thu Bon katikati ya Vietnam, una ugonjwa wa kinyume. Huko fundi akisema njoo kesho, kesho suti ipo, imepigwa pasi na kutundikwa. Ukiivaa mbele ya kioo chini ya taa za manjano, inapendeza. Miezi mitatu baadaye, ukiwa Dar au Nairobi, kifua cha koti kinatoa malengelenge kama rangi ya ukuta ulioingia unyevu, na bega la kushoto linavuta kila ukishika usukani.

Lawama si ya fundi peke yake, ratiba nayo inachangia. Msafiri wa begi la mgongoni hushuka Vietnam kama anayeshuka ngazi: Hanoi, Hue, Hoi An, Nha Trang, Ho Chi Minh. Hoi An anaipa siku mbili. Jioni ya kwanza anaangalia fanusi, kesho yake anapimwa nguo, keshokutwa anachukua mfuko na kukimbilia basi. Katika saa hizo nguo inajaribiwa mara moja tu, na nguo ya kujaribiwa mara moja ni ya kubahatisha. Hesabu nzuri ni kulala siku nne: ya kwanza kupima, ya pili jioni kujaribu, ya tatu kujaribu tena, ya nne kuchukua. Mengine yote ya mji huu yanaingia vizuri katikati ya safari hizo za kwa fundi.

Mtu wa Lamu ataielewa Hoi An upesi. Wazungu waliiita Faifo, na kwa karne kadhaa meli za Wachina na Wajapani zilifika hapo kwa upepo wa msimu mmoja na kungoja msimu wa pili ziondoke, sawasawa na majahazi yetu ya kaskazi na kusi. Karne ya 19 mto ulijaa mchanga, biashara ikahamia Da Nang, jiji la jirani, na mji ukabaki kama ulivyokuwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na fedha za kuubomoa. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999. Wafanyabiashara wa zamani walingoja upepo kwa miezi. Siku tatu za fundi si nyingi.

Kufika nitakusemea haraka. Tangu 15 Agosti 2023 raia wa nchi yoyote anaweza kuomba viza ya Vietnam kwa mtandao, ya hadi siku 90: dola 25 ukiingia mara moja, dola 50 ukitaka kuingia na kutoka mara nyingi. Tovuti ya kweli inaishia na gov.vn. Zinazofanana nayo zinakutoza mara mbili au tatu kwa kukujazia fomu ileile. Wengi wetu tunakwama kwenye majina: jina lako, la baba na la babu. Usiyapange unavyoyatamka, yafuate yalivyo kwenye mistari miwili ya herufi kubwa chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti. Herufi moja ikipishana, unaweza kuzuiwa kaunta ya ndege kabla hujaondoka nyumbani. Chukua pia adapta, kwa kuwa plagi yetu ya pini tatu nene haiingii kwenye soketi zao.

Hoi An haina uwanja wa ndege wala stesheni ya treni. Unashukia Da Nang, kilomita 30 hivi kaskazini, na gari la kuita kwa simu linakufikisha kwa dong (hela ya Vietnam) 300,000 hadi 400,000. Ukitokea Hue panda treni, chini kidogo ya saa tatu hadi Da Nang, na ukae upande wa kushoto ndipo bahari ilipo mkivuka milima ya Hai Van. Mabasi ya kulala yanayotoka kusini ni nafuu, ila viatu vinavuliwa mlangoni na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki, na kitanda kimekatwa kwa kipimo cha Mvietnam. Ukizidi futi tano na nusu, magoti yatakaa yamekunjwa usiku kucha.

Kwa hela Mtanzania ana bahati: toa sifuri moja kwenye dong upate shilingi, kwa ukaribu wa kutosha sokoni. Mkenya ahesabu kila dong 10,000 kuwa kama bob hamsini. Jihadhari na noti mbili za buluu, ya 20,000 na ya 500,000. Gizani zinafanana, na kosa moja ni bei ya siku mbili za bweni. Ya 20,000 ina picha ya daraja lenye paa, na daraja hilo liko hapohapo Hoi An.

Kitanda cha bweni ni dong 150,000 hadi 250,000, mara nyingi na baiskeli bure. Hosteli nyingi ziko nje ya mji mkongwe, njia ya kwenda pwani, na hiyo ni afadhali, maana ndani ya mji mkongwe kuna kelele hadi usiku. Watakuomba pasipoti ili wakuandikishe polisi. Hiyo ni sheria, si ujanja. Wakishaipiga picha, ichukue.

Sasa twende kwa fundi, asubuhi ya siku ya kwanza, kabla jua halijakuchosha ukakubali lolote.

Ukiendesha baiskeli utapata rafiki: mama mchangamfu anayekuuliza unatoka wapi, kumbe ana dada mwenye duka sokoni. Huyo analipwa kwa kila kichwa anachopeleka, kama wanavyolipwa baadhi ya wapokezi wa hosteli na madereva. Siyo wizi, lakini kamisheni ile haitoki hewani, inatoka kwenye kitambaa chako. Nenda mwenyewe mitaa ya Le Loi, Tran Phu na Tran Hung Dao, uingie maduka matatu kabla hujapimwa hata moja.

Swali la kwanza lisiwe bei. Uliza nani anakata na wapi. Mengi ya maduka hayo ni ya kupimia tu. Nguo inashonwa kwenye karakana nje ya mji mkongwe, na anayekupima hashiki mkasi. Si vibaya, mradi vipimo vifike vimeandikwa vizuri na marekebisho yawe na muda wa kwenda na kurudi. Duka lenye mkataji wake nyuma ya pazia lina faida moja kubwa, kwamba anakuona umesimama. Mabega yaliyopishana kimo hayaonekani kwenye karatasi.

Kitambaa kijaribu kwa moto. Utaambiwa sufu asilimia mia, hariri halisi, kashmiri. Omba uzi mmoja wa kwenda na mmoja wa kukata kutoka pembeni mwa jora, uwashe kwa kiberiti mlangoni. Sufu na hariri zinanuka nywele zilizoungua, moto unasinyaa wenyewe, na majivu yanasagika vidoleni. Pamba na kitani zinanuka karatasi na kuacha majivu mepesi ya kijivu. Poliesta inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na inabaki tone gumu kama shanga. Ukiona majivu na shanga pamoja, ni mchanganyiko. Mchanganyiko si dhambi, tena kwa joto la Mombasa sufu iliyotiwa poliesta kidogo haikunjamani ovyo, ila usiulipie bei ya sufu tupu. Wenye duka wamezoea jaribio hili. Anayekasirika ameshakujibu.

Halafu omba koti lililokwisha shonwa, la mfano, ulishike kifuani chini ya tundu la kifungo la ukosi. Bana kitambaa cha nje kwa vidole viwili, bitana kwa vidole vingine, uvivute viachane. Ukisikia tabaka la tatu linateleza katikati, hilo ni turubai, kitambaa kigumu cha ndani, lililotiwa kwa sindano, na koti litadumu. Usiposikia kitu, tabaka hilo limegandishwa kwa gundi ya pasi. Hapo ndipo malengelenge yanapotoka: gundi iliyogandishwa kwa haraka inaachia kidogo kidogo kwa unyevu, jasho na pasi ya moto, na ikishaachia hairudi. Kuna njia ya kati, turubai kifuani hadi kiunoni na gundi chini, ambayo kwa msafiri ndiyo ya maana. Duka linaloahidi suti kwa saa 24 linatumia gundi, kwa sababu turubai halishoneki usiku mmoja.

Bei huenda hivi: shati la pamba dola 25 hadi 40, suti dola 150 hadi 350 kulingana na kitambaa na kilichomo ndani. Suti ya dola 80 ipo, na imejieleza.

Kwenye kupimwa, vaa shati na viatu utakavyovaa na suti. Urefu wa suruali uliopimwa kwenye kandambili ni wa kandambili. Toa simu mfukoni. Simama unavyosimama siku zote, usivute tumbo, maana tumbo litarudi. Kama una shati au suruali inayokukaa vizuri, ibebe tangu nyumbani ili ikopiwe, kwa kuwa nguo moja inayokaa inasema zaidi ya maneno ya nusu saa. Na omba nyonga zipimwe mara mbili, mahali penye mfupa na mahali palipojaa kuliko pote, kisha urefu wa kutoka kiunoni nyuma hadi mbele kupitia katikati ya miguu. Vielelezo vya karatasi vya mafundi hawa vimekatwa kwa miili isiyo na nyuma kubwa. Bila kipimo hicho suruali au sketi inapanda nyuma na kushuka mbele, na kupanua pembeni hakusaidii.

Risiti iandikwe kila kitu: namba ya jora, rangi ya bitana, mifuko, mipasuo ya nyuma, aina ya vifungo, majaribio mangapi, na saa ya kuchukua. Omba kipande cha kitambaa ulichochagua kibanwe kwa pini kwenye risiti. Kubadilishiwa kitambaa ndilo lalamiko linalosikika sana mji huu, na kipande cha sentimita tatu kinamaliza ubishi. Malipo ya kwanza yasizidi nusu.

Jaribio la kwanza, jioni ya siku ya pili, koti litakuja na nyuzi nyeupe za kushikiza. Anza juu ushuke chini, kwa sababu la juu likibadilika la chini linabadilika nalo. Bega: simama ubavu ukutani na uegemee. Bega la koti likigusa ukuta kabla ya mkono wako, ni pana, na lirekebishwe sasa, kwani bega likishafungwa ni kazi ya kufumua koti zima. Kola ilale shingoni bila mwanya, shati lionekane kama sentimita moja na nusu. Kisha inua mkono kama unayeshika chuma cha daladala. Koti lote likipanda na mkono wako, kwapa limekatwa chini mno. Fundi atataka kulipanua, kumbe dawa ni kulipandisha. Suruali ikalie, kisha uchutame. Mwishoni kabisa ndiyo urefu wa mikono na miguu. Omba akiba ya kitambaa iachwe ndani, sentimita nne kwenye upindo wa suruali na tatu kwenye mshono wa nyuma. Haigharimu kitu leo, na fundi wako wa nyumbani atakushukuru.

Jambo moja la lugha. Wavietnam huitana kwa undugu kama sisi: mwanamke anayekuzidi umri ni chị, mwanamume ni anh, mdogo wako ni em. Mswahili haoni ajabu hapo, na ukimwita fundi chị mambo yanalainika. Ila usimwulize swali la ndiyo au hapana, kwa kuwa atasema ndiyo kwa heshima tu. Usiulize "Italegea?" Shika chaki, chora unapobanwa, mwache aweke pini, kisha vaa tena na pini zake.

Na kitenge. Kukibeba kutoka nyumbani kukishonewa Hoi An ni wazo zuri, yapo mambo mawili matatu tu. Kifue kwanza, maana kitenge kipya kina wanga, na kikifuliwa baada ya kushonwa kinarudi na kubana. Kwa gauni refu lenye maua makubwa hesabu yadi tano badala ya nne, kwa sababu ua likipangwa lije katikati ya kifua na liendelee kwenye mshono, kitambaa kinapotea. Fundi asipoambiwa ataokoa kitambaa, na ua litaangukia mahali utakapojuta. Kanga ina hatari zaidi. Kwa macho yake ni kitambaa cha maua chenye ukingo, hajui pindo ni nini wala kwamba yale maandishi yanasomwa. Anaweza kulipindua jina juu chini au kulikata katikati penye mkunjo wa kiuno. Kata doti mwenyewe, chora mshale wa chaki unaoonyesha juu, na weka mkanda wa karatasi juu ya jina lote lisiguswe na mkasi.

Katikati ya majaribio una saa nyingi. Tiketi ya mji mkongwe ni dong 120,000 kwa mgeni na inakuingiza nyumba kadhaa za zamani. Itumie mapema asubuhi. Nyumba ya Tan Ky ina alama ukutani za maji ya mafuriko, mwaka kwa mwaka, na ya 1964 iko juu ya kichwa cha mtu. Nyumba ya Phung Hung ina mlango wa sakafuni ghorofani, wa kuvutia bidhaa juu mto unapofurika. Yatazame hayo kama onyo la kalenda, si kama makumbusho. Oktoba na Novemba mto huingia mitaani karibu kila mwaka. Mwaka 2017 uliingia wiki ambayo Da Nang ilipokea viongozi wa APEC, jumuiya ya uchumi ya nchi za Asia na Pasifiki, na mwishoni mwa Oktoba 2025 uliingia tena vibaya. Ukienda miezi hiyo chukua chumba cha ghorofani, ongeza siku moja kwenye hesabu ya fundi, na ujue kwamba bahari ya An Bang wakati huo ina bendera nyekundu. Februari hadi Agosti ni kukavu, na Juni kwenda mbele jua linachoma kweli. Kipindi cha Tet, mwaka mpya wa Kivietnam, Januari au Februari kufuatana na mwezi, karakana hufungwa. Nguo zinazopokelewa siku za mwisho kabla yake zinashonwa na watu wasiolala.

Ufuo wa An Bang ni kama kilomita tano kwa baiskeli. Wanaokupungia mikono uegeshe barabarani ni wenye maegesho. Usisimame, sogea hadi karibu na mchanga. Mahekalu ya My Son ya Wacham, watawala wa kale wa pwani hii, kilomita 40, yanafaa siku ya tatu ukitoka saa kumi na moja alfajiri, na saa tano umesharudi kwa jaribio la pili. Mashua ya fanusi mtoni ina bei iliyopangwa, dong 150,000 kwa watu hadi watatu kwa dakika 20. Usiku wa tarehe 14 ya mwezi wa Kichina taa za umeme za mji mkongwe hupunguzwa, fanusi zikabaki. Kama siku zako zinaweza kusogea, zisogeze ziguse usiku huo.

Chakula kina jambo moja kwa Mwislamu. Cao lau, tambi nene zinazosifiwa kuwa ni za hapa tu, huja na vipande vya kitimoto juu, na hata panapoonekana mboga tupu kikaango huenda kimepakwa mafuta ya nguruwe. Neno la kutafuta ni chay, yaani bila nyama, na migahawa ya chay ina cao lau yake isiyo na shida. Com ga, wali wa manjano na kuku, ni mtamu, lakini kuku hakuchinjwa kwa bismillahi. Wenye kushika hilo hupata migahawa ya halali Da Nang kwa urahisi zaidi, au hukaa na samaki. Barafu yenye tundu katikati ni ya kiwandani, ya kusagwa jiulize mara mbili.

Dobi hupima kwa kilo, kama dong 30,000, na nguo zote huingia mashine moja na kukaushwa kwa moto. Shati jipya la kitani usimpe, litarudi la mtoto.

Siku ya nne nenda asubuhi, si saa moja kabla ya basi. Vaa kila kipande, funga na kufungua kila kifungo, vuta kila mshono kwa vidole gumba viwili, kagua bitana ya kwapani, linganisha kitambaa na kile kipande cha kwenye risiti. Ndipo ulipe nusu iliyobaki. Kutuma kwa meli kunachukua miezi, na kwa ndege kunakaribia bei ya suruali, hivyo suti moja ibebe. Koti lake ligeuze bega la kushoto nje ndani, lisukumie bega la kulia ndani yake mpaka bitana yote iwe nje, weka fulana mbili zilizoviringishwa katikati, likunje mara moja juu yake, litie kwenye mfuko wa plastiki na ulilaze upande wa begi unaogusa mgongo. Ukifika, lifungue usiku huohuo, ulitundike bafuni maji ya moto yakitiririka kwa robo saa, na pasi usiiguse bila kitambaa chenye unyevu juu yake.